Maziwa ya Aliye Njiani

Walikale, 3 Mei 1953

Kwa dada yangu Verdiane, Muheto

Pokea salamu zangu wewe, Mama, shemeki Hakorimana na kila anayelala ndani ya boma lenu. Mimi ni mzima. Kazi ya kupima mpunga katika ghala la magazini inaendelea, na bwana mwenye magazini bado hajajifunza kusema asante. Mvua ya huku unaijua kwa kusikia tu. Nguo zangu hazijakauka tangu Pasaka. Natumaini yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa, na Mama ameacha kwenda shambani na magoti yale.

Sasa neno lenyewe. Dancille anaumwa tena. Tangu mke wangu Adelaïde, mama yake, atutoke mwaka jana, homa inamwacha kidogo na kumrudia kwa nguvu. Mikono yake imekuwa vijiti. Anatimiza miaka mitano, lakini Mama Libérata, jirani anayemwogesha, anasema anabeba mtoto wa miaka miwili. Juzi muganga wa dispanseri aliniita pembeni: "Papa Evode, huyu mutoto, pori iko inamukula. Mupeleke kwenu kwa mulima, kwenye baridi na maziwa. Ukingojea Noeli, utamuzika hapa."

Dada, naomba umpokee. Sijui kuomba vizuri, kwa hiyo naandika hivyo hivyo: nisaidie, naogopa.

Shida ni njia. Bwana atanipa wiki moja tu ya konje, mapumziko ya kazi, mwezi wa nane. Kamio, lile lori la mizigo, linafika mpaka kwenye jite, ile nyumba ya kulala wasafiri chini ya mlima, pale barabara inapoishia. Kutoka pale mpaka kwenu ni siku nne kwa miguu, na mimi nikipanda sitarudi kwa wakati, nitafukuzwa kazi. Je, shemeki anaweza kushuka atukute jiteni, amchukue mtoto? Njia ile ameipita na ng'ombe wengi, hatashindwa na mtoto mmoja.

Ndugu yako, Evode

*

Muheto, 7 Juni 1953

Evode mtoto wa mama yangu,

Salamu za baridi. Sisi wazima. Pembe-moja amezaa dume, kwa hiyo Mama amenuna kama aliyezaa yeye. Magoti yake yanauma na shambani anakwenda. Jaribu wewe kumkataza, kwa kuwa mimi ananiita mtoto.

Barua yako imefika jana, imelowa hata wino umekimbia pembeni. Nilimsomea Hakorimana akiwa anakamua. Hakusimama. Alimaliza kukamua, akafunika maziwa, akasema: "Muandikie: akuje. Mutoto wa Adelaïde njo mutoto yangu. Mimi nitakuwa pale mbele ya kamio kufika." Kisha akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko muda mrefu. Unajua nyumba hii haina mtoto. Mimi siandiki mengi juu ya hilo.

Sasa sikiliza, kwa maana wewe hujui kusafiri. Usipande kamio la Alhamisi, dereva wake ni mlevi. Panda la Jumatatu. Mwombe dereva mtoto akae mbele, nawe ukae juu ya mizigo hata ukilia. Mvalishe shali ya mama yake. Mletee Mama mawese chupa moja, atasahau kununa. Jiteni mtamkuta Nestor mlinzi. Mwambie awape chumba kilicho mbali na mto, kwa ajili ya mbu. Msianze kupanda wenyewe hata hatua moja. Pale mwanzoni njia zinagawanyika, na ile inayopendeza ndiyo inayopotea.

Mwezi ujao Hakorimana atashuka kwanza peke yake, aangalie daraja la kamba chini ya Kashuga. Wanasema limeoza. Akitoka nitajaza chombo chake. Sijui kama huko porini umesahau desturi za boma: mtu akiwa njiani, inkongoro yake, chombo chake cha mti cha kunywea maziwa, inajazwa kila jioni na kufunikwa, na asubuhi maziwa yake wanapewa ndama. Chombo kinasimama wima mpaka mwenyewe arudi. Kinachogeuzwa kifudifudi ni cha aliyekufa. Chako wewe kimesimama tangu ulipokwenda Walikale, na Mama hataki mtu akiguse.

Dada yako, Verdiane

*

Walikale, 28 Juni 1953

Dada Verdiane,

Salamu kwako na kwa wote, na pole kwa Mama kwa lile dume. Hapa tumepata siku nzuri kidogo. Dancille alikula ndizi nzima, nikamtazama mpaka akaona haya.

Nimezungumza na dereva wa Jumatatu. Tutatoka tarehe kumi ya mwezi wa nane, tulale jiteni, asubuhi nimkabidhi mtoto kwa shemeki. Mawese nimenunua. Dancille anafanya mazoezi ya mlima juu ya magunia ya mpunga, na bwana anafoka. Ameuliza kama Papa Hakorimana anauma watu. Nikamwambia hapana, isipokuwa wanaokamua vibaya. Ameuliza pia atamjua vipi. Nimemwambia: mrefu, kabuti ya kijivu, fimbo begani. Kila siku ananirudishia maneno hayo ili asiyasahau.

Shemeki akirudi kutoka darajani niandikie neno moja tu, nipate kulala.

Evode

*

Muheto, 26 Julai 1953

Evode,

Salamu. Mama ni mzima. Dume wa Pembe-moja ananyonya vizuri. Mvua imekuja mapema.

Ulitaka habari za daraja. Lilikatika. Watu wa Kashuga wamekwisha kulifunga upya kwa kamba mpya na linapitika.

Usipande kamio tarehe kumi. Atakayeshuka ni Gasana, mdogo wake Hakorimana, na yeye amekataa kupita pale kabla ya mwezi wa tisa. Nimemsihi, nimemtukana pia. Muombe bwana wako akusogezee konje. Nitaandika barua nyingine, na mpaka uione usitoke. Mtoto lazima aje, hilo nalishika kwa mikono miwili, lakini si tarehe kumi.

Usiniulize kwa nini. Chombo kimesimama wima. Hilo ulijue, na mtu akikuambia jambo lingine sokoni usimsikilize.

Verdiane

*

Walikale, 14 Agosti 1953

Dada yangu mpenzi Verdiane,

Nakusalimu leo kwa moyo mwepesi ambao sijaupata tangu Adelaïde. Najua mtoto bado yuko njiani ninapoandika, labda kesho mtakuwa naye, lakini siwezi kungoja kukushukuru.

Tulipanda kamio la Jumatatu kama ulivyoamuru. Mimi nilikaa juu ya mizigo na kweli nililia kidogo, kwa ajili ya mgongo. Tulifika jiteni jioni, mvua inamwagika. Nestor alitupa chumba cha mbali na mto. Dancille alikuwa na homa, anachemka ndani ya ile shali. Nilisema moyoni, kesho nitamkabidhi shemeki mtoto wa kuzika. Nakuandikia ukweli kwa sababu sasa umepita.

Asubuhi nilifungua mlango na shemeki alikuwa amesimama ng'ambo ya njia, pale pale mlima unapoanza. Kabuti, fimbo, kila kitu. Mvua haikuwa imekatika. Nilimwita aingie apate moto, akatikisa kichwa. Nestor alimletea kiti na viazi, hakukaa na hakula. "Sikukuja kukaa," alisema. "Nilitumwa mutoto." Nikamwuliza kama daraja ni zima. Alinitazama kama mtu anayekumbuka kitu cha zamani, akasema: "Hiyo daraja haina tena shida na mimi. Verdiane hajageuza chombo yangu, njo maana nimefika." Nikacheka. Nyinyi watu wa ng'ombe kila kitu kwenu ni chombo.

Dancille, anayeogopa hata kuku, alinyoosha mikono bila kuambiwa. Shemeki alimweka mabegani akamfunika na kabuti. Niliwatazama mpaka ukungu ulipowafunika. Mtoto hakugeuka. Nestor alisimama karibu yangu, akafanya ishara ya msalaba, akaingia ndani.

Kuna jambo moja, la miguu ya shemeki. Si la kuandika. Nitakuambia tukionana.

Evode

Baada ya kufunga barua hii nimeifungua tena. Barua yako ya mwezi wa saba imefika sasa hivi. Unasema nisitoke. Unasema Gasana. Kwa nini Gasana, kama Hakorimana alikuja mwenyewe? Nijibu upesi, dada. Mtoto amefika?

*

Muheto, 17 Agosti 1953

Evode,

Sijui kama unasoma au kama uko chini ya maji mahali fulani. Kama uko hai, nijibu hata neno moja. Dancille yuko hapa. Anakula. Homa hana. Sasa kaa chini usome yanayofuata, na usiseme nimerukwa na akili mpaka umalize.

Juzi ilikuwa sikukuu ya Asumpta. Mama na Gasana walikwenda misa, nami nilibaki kwa ajili ya kukamua kwa jioni, maana wangechelewa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migongo ya ng'ombe. Nikasikia ng'ombe wanalia wote pamoja, ule mlio wanaompa mtu wanayemjua anaporudi. Nilinyanyua kichwa. Kwenye mlango wa boma alisimama mtoto mdogo mwenye shali ya Adelaïde na chupa ya mawese kifuani. Peke yake. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, Evode, na ile shali ilikuwa kavu kama imetoka kwenye sanduku.

Nilimwuliza: "Nani amekuleta?"

"Papa Hakorimana."

"Iko wapi?"

"Amenishusha hapa kwa mulango. Amesema: ingia, mimi siwezi kuingia."

Nilitoka nje nikaita mpaka sauti ikakatika. Ulikuwa ukungu tu.

Ndugu yangu, mume wangu alikufa tarehe kumi na mbili ya mwezi wa saba. Daraja lilikatika akiwa juu yake. Watu wa Kashuga walimtoa mtoni wakamzika pale juu ya ukingo, na Gasana aliliona kaburi kwa macho yake. Alinirudishia fimbo. Mama akasema: sasa tugeuze chombo chake, tulie. Mimi nikasema hapana. Nilijua tukilia, boma lote litalia, wauza chumvi watabeba habari mpaka Walikale, nawe hutaileta damu yako kwenye njia iliyomla mume wangu. Mtoto atakufia huko. Hiyo ni sababu moja, nayo ni ya kweli. Ya pili ni kwamba sikutaka. Nilimwambia Mama: "Hakorimana iko njiani." Kila jioni nikajaza, nikafunika. Wakaniacha, kama mnavyomwacha mtu aliyeshika kisu.

Sasa sikiliza. Juma lile la kabla ya Asumpta, kila asubuhi nilipofunua chombo ili niwape ndama, nilikikuta kikavu. Kifuniko mahali pake, ndani hakuna tone. Nilimgombeza Gasana. Nilimfukuza paka. Na jana, nilipompa Dancille maziwa, akasema hayana moto kama yale ya njiani.

"Maziwa gani ya njiani?"

"Kila magaribi Papa alinipatia. Ya moto, kama yenye kutoka kwa ng'ombe."

"Na yeye alikunywa?"

"Hapana. Alisema ni yake, lakini yeye hana tena njaa."

Nilikwenda nikavuta fimbo yake chini ya kitanda, mahali nilipoificha. Udongo wetu hapa ni mweusi, unaujua. Ncha ya fimbo ilikuwa na udongo mwekundu, ule wa chini, wa kwenu, na ulikuwa mbichi.

Niandikie. Uliniletea mtoto jiteni? Ulimkabidhi nani?

Verdiane

*

Walikale, 9 Septemba 1953

Dada Verdiane,

Niko hai. Natumaini barua yangu ya mwezi wa nane imekwisha kufika, ujue nilimkabidhi nani. Salamu nyingine sina leo.

Nilikasirika siku nzima. Nilisema: Verdiane amenidanganya, amemtoa mwanangu kwa mtu asiyekuwapo. Nilivunja kiti cha magazini na bwana amekikata kwenye mshahara wangu. Kisha nikakaa juu ya magunia yale aliyokuwa anapanda Dancille, nikamlilia shemeki. Alinifundisha kukamua, akanicheka, akanifundisha tena. Nimemlilia peke yangu, dada, na najua na wewe hujamlilia na mtu.

Nilikuambia kuna jambo la miguu. Pale jiteni matope yalikuwa yanafika kwenye vifundo. Nestor alikuwa na matope mpaka magotini, mimi vilevile. Miguu ya shemeki ilikuwa safi. Mikavu na yenye vumbi kidogo, kama ya mtu aliyetembea wakati wa kiangazi. Niliiona kabla hajamchukua mtoto. Niliinua macho nikamtazama usoni, naye akanitazama, akajua kwamba nimeona. Na bado nilimpa. Homa ile ilikuwa inamchukua, Verdiane. Nilisema moyoni, huyu awe nani, anampenda. Kwa hiyo usijione wewe peke yako uliyenyamaza.

Lakini sasa muache apumzike. Geuza chombo. Mtu hawezi kutembea hivyo siku zote.

Bwana amenipa konje ndefu ya Noeli, labda kwa kuogopa viti vyake. Ninakuja, safari hii mpaka juu. Niambie nipande kamio lipi.

Evode

*

Muheto, 4 Oktoba 1953

Evode ndugu yangu,

Salamu kutoka kwa Mama, aliyemaliza mawese yako kwa juma moja. Salamu kutoka kwa Gasana. Dancille amenenepa mashavu. Anawaita ng'ombe wote kwa majina na anamgombeza dume wa Pembe-moja kama mke wake. Ana chombo chake kidogo. Ungemwona hungemjua.

Tumelia. Niliwaita majirani wote, nikawaambia, nao wakasema walikuwa wanajua, walikuwa wananingojea. Nilidhani nitaona haya, lakini nilipata usingizi. Mbele yao nilimwaga maziwa yake kwenye mlango wa boma, pale aliposhindwa kuingia, nikageuza chombo kifudifudi.

Asubuhi nilikikuta kimesimama wima. Kimejazwa, kimefunikwa.

Niliinama kukitazama. Kisha nikaona matone ya maziwa sakafuni yanakwenda mpaka kitandani kwa Dancille. Ni yeye. Nilimwuliza kwa nini, naye akanijibu bila woga: "Papa Hakorimana alisema njia inachokesha muntu. Alisema, musigeuze chombo kwanza, atashuka tena kumuleta papa yangu."

Evode, nimeishi na mtu yule miaka kumi na moja. Hakuwahi kuahidi kitu akakiacha katikati. Nilikaa na maneno yale siku nyingi kabla ya kuchukua kalamu. Ninatamani kumwona, hata kwa ng'ambo ya njia, hata katika mvua. Ningekuwa peke yangu, chombo kile kingesimama mpaka nife. Lakini mtoto alitaka kwenda kumngojea mlangoni kila jioni, kwenye ukungu, bila shali, na jioni moja nilimkuta amekwisha kutoka nje ya boma, anatembea kuelekea bondeni, ananyoosha mkono mmoja juu kama aliyeshikwa.

Jioni ile tulikigeuza pamoja, mikono yake juu ya yangu. Alilia sana. Nilimwambia kwamba Papa Hakorimana amemaliza kazi, na kwamba baba yake ataletwa na mimi. Tangu siku hiyo chombo hakijasimama. Kila asubuhi naangalia.

Kwa hiyo sikiliza mpango wa safari, na safari hii usicheke. Panda kamio la Jumatatu ya kabla ya Noeli. Lala kwa Nestor, chumba kilekile. Asubuhi kaa ndani. Gasana amekubali kupita daraja kama nikitangulia, kwa hiyo nitashuka mimi mwenyewe pamoja naye. Kama kuna aliyesimama ng'ambo ya njia kabla yetu, hata akikuita kwa jina ulilopewa na Mama, usitoke. Msalimie kutoka mlangoni. Mwambie mtoto amefika, ananenepa, na kwamba yale maziwa yalikuwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Mwambie nimelia.

Mimi nitaingia mpaka chumbani. Nitakugombeza kwa sababu umebeba mizigo mingi. Lakini kabla ya kunikumbatia tazama chini, Evode. Miguu yangu itakuwa na matope.

Dada yako, Verdiane